Kitenge Kisicho na Mtu Ndani

Minza,

Nimepanga kuiweka barua hii chini ya pampasi za Masanja, kwenye ule mfuko wenye zipu, ili uikute mkiwa mmeshaivuka Singida. Sasa ni saa tisa alasiri. Umekwenda Kasoli kumuaga bibi yako. Ulitokea mlango wa jikoni, viatu mkononi, wakati mimi nimemgeuzia mtoto dirishani kumwonyesha kuku. Ulininong'oneza, "Akisumbua mpe uji," ukapotea. Hajasumbua. Anayesumbua humu ndani ni mimi. Tangu uondoke nimelifungua begi lako kubwa mara mbili na kulifunga, nimefagia ua uliokwisha kufagiliwa, nimetoa kiti barazani nikakiingiza sebuleni, kisha nikakirudisha barazani. Masanja amekaa kwenye mkeka, ananitazama kama mjumbe aliyewahi kikao akamkuta mwenyekiti hajui ajenda.

Sitaandika habari za dawa, kadi ya kliniki wala namna ya kupika uji. Hayo unayajua kunizidi, na usiyoyajua utawauliza wauguzi wa huko Tunduru. Nataka kukueleza jambo moja nililolikosea, kwa mpangilio ninaoandikia habari: nani, wapi, lini, ilikuwaje. Kwa karibu miaka thelathini nimeandika makosa ya watu wengine, na nimejitahidi kuyaandika sawasawa. Hili la kwangu sijawahi kuliandika.

Jana jioni, unakunja nguo zake, ulisema: "Mama, kesho tumchukue amelala. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Akiamka tutakuwa tumeshaipita Maswa, hata hatajua." Nikajibu, "Sawa, itakuwa vizuri." Nilijibu haraka mno. Mtu akinijibu haraka namna ile kazini huwa namuuliza swali lile lile mara ya pili.

Masanja ana miezi tisa, na yote ameilala katika nyumba hii ya Bariadi. Ulipokuwa unajitolea kufundisha pale sekondari, mimi ndiye niliyekuwa naye asubuhi. Anaijua sauti ya geti hili. Anajua bati lipi linagonga upepo ukivuma. Sasa ajira uliyoisubiri kwa muda mrefu imetoka, na imetoka mbali, na mumeo hawezi kuwafuata mpaka apate uhamisho. Kwa hiyo ndani ya siku mbili mtoto ataondokewa na nyumba, na baba yake, na mimi. Kitakachobaki vile vile ni wewe. Ndiyo maana nataka uwe mtu anayeaminika kwake, na mimi ndiye niliyekufundisha kinyume.

Ulipokuwa na umri kama wake tulikuwa tunaishi Kasoli, kwa bibi yako. Baba yako alikuwa hai bado, anaendesha malori ya pamba, nyumbani anaonekana Jumapili akionekana. Mimi nilikuwa nimeanza kazi hii. Ulikuwa msimu wa pamba na habari zilikuwa kwenye vituo vya kununulia, kila siku kijiji kingine, kwa baiskeli au juu ya lori. Kila nilipokuaga ulilia mpaka unatapika. Siku moja bibi yako akachoka.

"Mayu, unamuaga wa nini?" aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma chake. "Unakwenda kazini au unakwenda kuzikwa? Ondokea nyuma."

"Atanitafuta."

"Muachie kitenge chako."

Alikichukua kile kitenge changu cha kahawia chenye maduara ya njano, akakiviringisha kwenye mto, akauweka mto kwenye kiti changu, mgongo kwako. Kwa mbali ungesema ni mtu ameinama anachambua mchele. Mimi nikatokea nyuma, kwenye zizi. Jioni niliporudi bibi yako alikuwa anacheka peke yake. "Hajaniuliza kitu mpaka saa nne," alisema. "Anacheza, anageuka, anakutazama, anaendelea kucheza. Kiti kimelea vizuri kuliko wewe." Nami nikacheka. Tukafanya hivyo wiki nzima, na wiki iliyofuata.

Halafu siku moja nilirudi mapema, kabla ya saa sita. Lori lilikuwa limeharibika na safari imekufa. Nilisimama dirishani. Bibi yako alikuwa uani anaanika mahindi. Ulitambaa mpaka kwenye kiti, ukajishikilia mguu wa kiti ukasimama, ukakivuta kitenge. Mto ukaanguka. Uliutazama. Hukulia. Ulikaa chini pembeni yake, mikono kwenye mapaja. Tangu siku ile nimewaona watu wengi wakipokea habari mbaya, misibani, mahakamani, mashambani baada ya mvua ya mawe, na wengi hufanya vile vile: hukaa chini, hawasemi kitu.

Baada ya hapo nilipokivaa kitenge kile ulikuwa unakuja na kukifinya. Si kushika, kufinya, kwa vidole viwili, mpaka unapata ngozi. Bibi yako alisema ni meno yanaota. Nilijua si meno. Ulikuwa unahakikisha kama ndani kuna mtu.

Ningeacha pale pale. Sikuacha.

Ulipofikisha miezi kumi nilitumwa Nyashimo kwa siku sita, kuandika habari za wakulima wa mpunga ambao mashamba yao yalikuwa yameingiliwa na maji. Bibi yako alikuwa anaumwa mgongo, hivyo nikakubeba. Tulifikia kwenye nyumba ya wageni ya mwanamke aliyeitwa Mama Rukia, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Tabora, duka mbele, vyumba nyuma. Nilimwomba akushike asubuhi, akakubali. Sikumwambia kwamba nitaondoka kabla hujaamka. Nilikitandaza kitenge pembeni yako kitandani, nikakivimbisha kwa mto, nikatoka na viatu mkononi.

Nilirudi saa nane mchana. Nilikusikia tangu barabarani. Sauti ilikuwa imekauka, inatoka kama bawaba isiyo na mafuta. Mama Rukia alikuwa amesimama uani amekubeba begani, na kitenge changu kilikuwa chini kwenye vumbi.

"Kila nikimfunika nacho anakitupa," alisema. "Nimempa maziwa, kakataa. Nimempa mkate, kakataa. Lakini hiki anakitupa kwa hasira. Mwandishi, umekifanya nini kitambaa hiki?"

Nikamweleza ujanja wa kiti na mto. Nilimweleza nikitabasamu, kama tulivyozoea kuucheka Kasoli. Yeye hakucheka.

"Kumbe unaandika ukweli wa wilaya nzima," alisema, "wa huyu mmoja umekushinda."

"Nikimuaga analia."

"Na usipomuaga halii? Hebu msikilize huyo."

Nilikaa kwenye kizingiti na wewe. Ulikuwa umechoka kiasi kwamba ulilala huku ukiwa na kwikwi, na hata usingizini ulikuwa unanifinya mkono.

Kesho yake Mama Rukia alinigongea mlango mapema. "Leo utamuaga nikiona," alisema. "Lakini kwanza mtembeze. Wewe hapa unapajua, umeshauliza kila mtu maswali. Mgeni ni huyu." Basi tukakutembeza, yeye mbele mimi nyuma, kama watu wanaomwonyesha mnunuzi nyumba. Tulikugusisha pipa la maji. Tulikugusisha ukuta uliopakwa chokaa ikakubaki viganjani. Tulisimama kwenye banda la kuku mpaka ukachoka wewe mwenyewe. Kwenye mlango wa duka alinizuia nisiingie moja kwa moja. Ndani kulikuwa na mzee mmoja mteja, na watu wa kwetu unawajua, wanataka kumnyakua mtoto kabla hata hajajua yuko wapi. Mzee alinyoosha mikono. Mama Rukia akamwambia, "Msalimie mama yake kwanza." Mzee akanisalimia kwa salamu ile ndefu ya Kisukuma, mwangaluka, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, nami nikamjibu zote bila kuruka hata moja. Siku zote salamu ile nilikuwa naiona inanipotezea muda wa kazi. Asubuhi ile nilikuona ukiuangalia uso wangu, kisha wa mzee, kisha wangu. Tulipofika kwenye ng'ombe, mwili wako ulikuwa umelegea. Tulipofika kwenye mvua ulikuwa umeshamnyooshea mkono.

Halafu nikachuchumaa nikakwambia: "Nakwenda. Unabaki na Mama Rukia. Nitarudi." Ukalia. Mama Rukia aliniamuru nifike kwa fundi baiskeli pale barabarani na kurudi. Nikafika, nikarudi. Akaniamuru tena. Mara ya tatu fundi aliweka spana chini.

"Mayu," aliniambia, "mwangaluka tumemaliza. Umepoteza nini hapa nikusaidie kutafuta?"

Mara ya nne niliondoka kweli. Ulilia. Siku ya pili ulilia. Siku ya tatu ulilia kuliko zote, nikamwambia Mama Rukia dawa yake haifanyi kazi.

"Nani kakwambia ni dawa ya kilio?" alisema. "Mwache alie. Mtu akiachwa, kulia si haki yake? Mimi namfundisha kuuamini mlango, basi."

Siku ya nne niliporudi nilikukuta kwenye sakafu ya duka unagonga kopo tupu la biskuti. Uliniona, ukalia, ukaja. Kwa mpangilio huo. Jioni nilijifunga kitenge na wewe ukakishika kwa kiganja kizima. Hukufinya.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku ile nilijirekebisha. Haikuwa hivyo. Tuliporudi Kasoli kulikuwa na kazi, na haraka, na bibi yako na zizi lake la kupitia, na ndani ya mwezi mmoja nilikuwa naondokea nyuma kama zamani. Kuaga kunachukua dakika tano na kunaumiza. Kutoroka hakuchukui hata moja, na maumivu anabaki nayo mwingine. Nilikutoroka ulipokuwa na miaka miwili, na mitatu, na sita. Siku niliyokupeleka Mkula kwa shangazi yako nilikwambia nakwenda dukani kukununulia pipi. Nilirudi baada ya wiki mbili. Shangazi yako alisema ulikuwa unakaa barazani kila jioni unatazama upande wa dukani, na mtu akikuletea pipi huli.

Nimesimama kidogo. Nilitaka kwenda jikoni kutia maji kwenye uji, nikakumbuka ninachokiandika, nikarudi mkekani nikamwambia, "Masanja, nakwenda jikoni, narudi." Alinitazama mdomo. Nilipofika mlangoni alianza kulia, nikaendelea kwenda, nikatia maji, nikarudi. Sasa amenyamaza lakini amenikasirikia, amenipa mgongo. Ana haki.

Naendelea. Unaikumbuka siku uliyokwenda bweni, kidato cha kwanza. Nilikuomba unisubiri pale stendi, karibu na sanduku lako la bati, nikanunue soda. Nilirudi na chupa mbili. Wewe, sanduku na godoro hamkuwepo. Mpiga debe mmoja akaniambia, "Binti yako kapanda gari lililotangulia, mama. Kasema wewe unajua." Nilisimama na chupa mbili mkononi, mtu mzima, mwandishi, nikizitazama gari zilizobaki moja moja kama mtu anayesubiri mto ugeuke kuwa binadamu. Barua yako ya kwanza kutoka shuleni ilikuwa na mistari minne. Mmoja ulisema: "Sikutaka uone ninalia." Nilikuwa naujua mtindo ule. Ulikuwa wangu.

Kwa hiyo jana uliposema tumchukue amelala, nilisikia sauti yangu. Utambeba gizani, ataamka kwenye kiti cha basi, kati ya watu asiowajua, dirisha linakimbia, na hatakuwa ameona chochote kikiisha. Atajua tu kwamba mtu akifumba macho, nyumba inaweza kuondolewa. Atakachojifunza ni kutofumba macho. Najua, kwa sababu wewe hukulala usingizi wa moja kwa moja mpaka ulipoanza shule, na mpaka leo ukipanga kitanda kwanza unatazama mlango uko upande gani.

Na kuna jambo jingine, hili hulijui. Jana asubuhi, kabla hata hujakunja nguo, nilimpigia mhariri nikaomba niende Mkula kesho alfajiri kuandika habari za josho la mifugo. Josho lile halina haraka. Limekaa bila maji miezi kadhaa na lingeweza kukaa mpaka wiki ijayo. Nilikusudia kuondoka saa kumi, kabla hamjaamka, na kukuachia ujumbe kwenye simu kwamba kazi imenibana. Na barua hii chini ya pampasi. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona barua yenyewe ni kitenge juu ya mto.

Nimetoka barazani, nikiwa nimemwambia Masanja kwamba natoka, nikampigia mhariri.

"Kesho Mkula siendi," nilimwambia.

"Mama, si wewe uliyeiomba?"

"Ni mimi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina watu wa kuwaaga."

Tumefanya kazi pamoja miaka mingi. "Hiyo ni mpya," alisema. "Haya, niletee josho Ijumaa."

Basi barua hii siifichi. Nitakupa mkononi ukirudi, uisome kabla hujafunga begi la mwisho, na kama una la kuniambia uniambie hapa hapa mezani, si kwa simu ukiwa Singida. Nina wasiwasi na jioni hii kuliko nilivyowahi kuwa na wasiwasi na mkuu yeyote niliyemhoji. Sijui utasema nini. Una haki ya kusema mengi.

Ninachokuomba ni kimoja. Kesho tumuamshe. Saa kumi, mapema kidogo, ili asiamshwe na haraka zetu. Tumtembeze ndani ya nyumba, aguse mlango, aguse mkeka huu, aguse bati la jikoni. Kisha umkabidhi kwangu mbele ya basi, nimwambie mwenyewe kwamba ninyi mnakwenda na mimi nabaki. Atalia. Abiria watanuna na konda atasema, "Bibi, tumechelewa." Mwache alie mpaka Maswa, mpaka Shinyanga akitaka. Atakuwa analia kwa jambo alilolishuhudia.

Na mkifika huko, kwenye chumba mtakachopewa, usianze kufungua mabegi. Kaa naye sakafuni kwanza, hata kama sakafu ni chafu. Akikutazama usoni, uso wako uwe umetulia kweli, na kama haujatulia usimwigizie, mwambie tu kwamba hata wewe ni mgeni. Majirani wakija kumpokea, wakusalimie wewe kwanza, na salamu iwe ndefu. Wayao wa huko nasikia nao hawana haraka na salamu. Na kila unapotoka, toka kwa mlango anaouona.

Kitenge nitakupa. Si kile cha kahawia, kile nilikikata vitambaa vya kufutia meza, nikafurahi kukikata. Ni hiki cha bluu nilichojifunga sasa, ambacho amekilalia miezi tisa. Sitakifua. Lakini sitakiweka kwenye begi usiku akiwa amelala. Nitakivua kesho pale stendi, mbele ya macho yake, nikiwa nimevaa gauni chini, watu wacheke wakitaka, nimpe mkononi. Nataka akione kinavyonitoka mwilini. Aende nacho akijua ni kitambaa, na mwenyewe kabaki Bariadi, amesimama, anaonekana.

Nasikia pikipiki inapunguza mwendo getini. Ni wewe. Masanja ameinua kichwa. Mlango wa mbele hautazami. Amegeukia wa jikoni, ule uliotokea mchana na viatu mkononi, tukadhani anatazama kuku.

Alikuona.

Mama yako